Nilijiandika Mwenye Uwezo

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Naitwa Mama Shiru, nakaa Kitengela. Nasimama kueleza vile Mungu alinitoa kwa kifungo ambacho hata sikujua ni kifungo.

Nilihamia hapa kutoka Rongai nikiwa na kazi ya ofisi kwa kampuni ya fanicha huko Nairobi. Mshahara wangu ulikuwa elfu themanini. Tulipanga nyumba kwa koti, zile nyumba za kupanga zilizozungushiwa ukuta mmoja, yenye geti na mlinzi. Nalea watoto wangu wawili peke yangu, na niliona nimefika. Watu husema kuna walala hoi, walala hai na walala heri. Mimi nilijiweka karibu kabisa na walala heri.

Mama Saitoti, mama wa Kimaasai kutoka upande wa Kisaju, alikuwa akituletea maziwa kila asubuhi. Nilimhurumia. Nilimpa nguo kuukuu za watoto wangu, naye alizipokea kwa heshima. Sikuwahi kumuuliza ana ng'ombe wangapi.

Kisha kampuni ikafungwa. Sikumwambia mtu. Niliuza friji, nikawaambia watoto imeenda kwa fundi. Unga nikaanza kununua wa kupimiwa, lakini nilipanda hadi duka la mbali ili majirani wasinione. Jumapili nilivaa viatu vya kisigino na kukaa kiti cha mbele. Ndugu zangu, nilikuwa naimba na tumbo ni tupu!

Miezi ilipita hivyo. Siku moja mzee wa mtaa alikuja na karatasi ya basari, ule msaada wa karo. Alikuwa anaandika kila nyumba: wenye uwezo, wa kati, wasiojiweza. Jirani yangu, Baba Kevo, alikuwa amesimama hapo kwa geti, amevaa tai.

"Mama Shiru, nikuweke wapi?" mzee akauliza.

"Niweke wenye uwezo," nikasema.

Baba Kevo naye akasema aandikwe hivyo hivyo.

Shule zilipofunguliwa, mtoto wangu Shiru alikuwa ameitwa shule ya upili ya bweni huko Kajiado. Sikuwa na karo. Alikaa nyumbani wiki ya kwanza, akakaa ya pili. Hakulia. Aliniuliza tu, akiosha vyombo, "Mama, si ulimwambia yule mzee tuko na uwezo?"

Nilichukua sahani mkononi mwake, nikaanza kuifuta.

Asubuhi moja Mama Saitoti alimkuta Shiru mlangoni, akauliza mbona hajaenda shule. Nikasema ni mgonjwa. Yule mama akaweka kiganja kwa paji la uso wa mtoto.

"Huyu hana joto," akasema. Akaniangalia. "Mwaka ule wa ukame mimi nilibaki na ng'ombe wawili. Nilienda boma kwa boma nikasema, sina. Huyu akanipa mtamba, yule akanipa mtamba. Ningekaa kwa nyumba nikinyamaza, nani angejua?"

Akapima maziwa, akaenda. Nilipiga magoti hapo jikoni, nikaomba Mungu anipe mdomo.

Alhamisi kukawa na baraza la chifu. Majina ya ile karatasi ya basari yaliposomwa na watu wakaulizwa kama kuna makosa, niliinua mkono. Nikasema, "Mimi nilidanganya. Sina kazi miezi saba. Kwangu hakuna uwezo wowote."

Nilingoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Baba Kevo alisimama nyuma yangu, akakohoa, akasema, "Hata mimi nitoeni hapo."

Mungu ni mwema! Sitadanganya tena kwa kusema kila kitu kilinyooka siku hiyo. Basari ilikuja nusu. Kina mama wa kanisa walinunua sanduku na godoro. Shiru aliripoti akiwa amechelewa wiki tano, na muhula huo alishika mkia. Sasa amepanda. Mimi nauza maziwa ya Mama Saitoti sokoni Kitengela. Kuna siku yanaisha kabla ya saa nne, kuna siku yanaharibika. Nikiulizwa niko tabaka gani, nasema kweli: inategemea siku. Lakini nalala.

Namshukuru Mungu aliyenifungua mdomo, na namshukuru yule mama niliyemwona maskini nikiwa sijui chochote kumhusu.

Ndugu yangu, pengine umekaa hapo umevaa vizuri na kwako sufuria zimefunikwa hazina kitu. Mtegemee Bwana. Usingoje kuwa na ujasiri, mimi sikuwa nao. Kabla hujatoka kanisani leo, mguse mtu mmoja tu aliye karibu nawe, umwambie kwa sauti ya chini: sina. Mimi nitabaki hapa mbele. Anayekosa wa kumwambia, aje aniambie mimi.