Kichwa cha Mwisho cha Mama Ngojea

Katika safari yote ya ubongo wa binadamu, mamilioni ya miaka, kilele ni mimi. Msibishe. Nendeni ukumbi wa pili wa makumbusho yetu: mwisho wa safu ya vichwa vya plasta, penye kibao "Binadamu wa Leo", hicho ni kichwa changu, masikio na yote.

Aliyekitengeneza ni Mama Ngojea, fundi wetu wa plasta, anayestaafu Ijumaa hii baada ya miaka thelathini na moja kwenye chumba cha nyuma chenye sinki lisilokoma kuziba. Hakunichagua kwa akili. Alisema kichwa changu kilikuwa karibu na hakikuwa na kazi.

Jina alilipata kwa kauli yake. Ukigusa kalibu iliyomiminiwa plasta: "Ngojea ikauke!" Ukiuliza kama imekauka: "Si nimesema ngojea?" Tangu niwe msaidizi wake sijaambiwa hata siku moja kwamba kitu kimekauka. Jamani, mama huyu anachosha!

Na safu yenyewe! Mkurugenzi aliitaka kama foleni, ubongo mdogo mbele, mkubwa nyuma, basi. Mama akagoma. Vichwa vingine akavitenga pembeni kama matawi, maana si wote waliotuzaa. Wengine ni binamu tu, waliotoweka. Yule wa zamani kabisa, mwenye ubongo wa kadiri ya balungi, tayari anatembea wima. Miguu ilitangulia, akili ikafuata nyuma sana, jambo ambalo Mama alidai analiona kila asubuhi nikiingia kazini. Na binamu wa enzi za barafu, ambaye ubongo wake ulilingana na wetu au hata kuuzidi, alimweka ubavuni mwangu makusudi, nisije nikajiona.

Mkurugenzi alinuna wiki nzima. Leo wanafunzi hawabanduki pale, wanabishana nani ni binamu wa nani.

Sasa Mama anataka chumba cha nyuma niachiwe mimi. Mkurugenzi anamtaka fundi wa nje. Mama alinitetea hivi: "Mikono anayo. Subira ndiyo hana." Ili nionekane naweza, akakubali, huku akinung'unika, nitengeneze kichwa chake mwenyewe, peke yangu, kikae jirani na changu. "Kiache kivulini wiki mbili," akasema. "Ubongo umengoja mamilioni ya miaka, wewe utashindwa na plasta?"

Mama, kwa ukali wako wote, asante. Nenda ukawakaripie wajukuu, sisi tumeshapata fungu letu. Tunakuombea siku ndefu, chai ya moto, na nyusi zisizo na vumbi jeupe.

Kuhusu kichwa chako kilichofunikwa kitambaa mezani, najua mkurugenzi naye anasoma maneno haya ya kukuaga, na asome. Siku ya tatu nilikitoa nikakianika juani. Kina ufa kutoka utosini hadi kidevuni.