Fundi Upepo na Mabaki ya Juu ya Dari

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Upepo mpaka mkasahau jina alilopewa na wazazi wake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951. Mama yake alikuwa mshonaji wa nguo, na baba yake mlinzi wa ghala la mbao. Tangu utotoni mikono yake haikutulia. Alikata makopo ya mafuta ya kupikia, akayaunga, akamtengenezea mama yake njia ya kutolea moshi jikoni. Moshi ulitoka vizuri sana, ila ulikwenda moja kwa moja chumbani kwa jirani. Mama yake alimchapa, akaenda kumwomba jirani radhi, kisha akaanza kuwaonyesha wateja wake kazi ya mwanawe.

Alimaliza sekondari mwaka 1969, akajiunga na chuo cha ufundi kusomea kazi ya bati na mabomba ya hewa, na mwaka 1972 akapata cheti. Huko chuoni ndiko alikokutana na neno la Kiingereza ambalo familia yake ingelisikia maisha yake yote: plenamu. Kwa ambao hawakuwahi kukaa naye meza moja, na ni wachache, plenamu ni ile nafasi iliyofichwa kati ya dari unayoiona na zege la sakafu ya juu, pale ambapo hewa ya vyumba vyote hukusanyika kabla ya mashine kuivuta na kuirudisha vyumbani. Mafundi wenzake walisema tu "juu ya dari". Marehemu hakukubali. Alisema kila nyumba yenye dari ina juu ya dari, na ukitaka unaweza kuweka masanduku yako huko. Plenamu ni pale ambapo hewa yenyewe inapita, kwa hiyo chochote utakachoacha huko, watu watakivuta puani.

Aliajiriwa na mkandarasi wa majengo mwaka huohuo wa 1972, na baada ya miaka sita akafanywa msimamizi wa mabomba ya hewa. Juni 1979 alisimamia ofisi ya ghorofa nne iliyotakiwa kufunguliwa Jumatatu. Ijumaa mafundi wa dari walikuwa wameshapanda ngazi, wanataka kufunga. Ghorofa ya pili, ndani ya plenamu, kulikuwa bado na mabaki ya pamba ya kioo, ile inayovishwa mabomba yasitoe jasho, pamoja na magunia yake yaliyochanika. Marehemu aliyaona. Mwenye jengo alikuwa amesimama nyuma yake akitazama saa. Marehemu akasema wafunge, mabaki yatatolewa baadaye.

Chini ya tundu la hewa la ghorofa hiyo alikaa mpokea simu, msichana mcheshi mwenye sauti ambayo wateja walipiga simu kuisikia tu. Mwezi wa pili baada ya ofisi kufunguliwa alianza kukohoa. Mwezi wa nne alikwenda mwenyewe kwa mkandarasi kulalamika kwamba mashine yao inamtemea vumbi. Marehemu alikwenda Jumamosi akiwa peke yake, akafungua dari, akatoa kila kitu, akapangusa mabomba kwa kitambaa kibichi. Jumatatu msichana alipouliza kulikuwa na nini, alimjibu kwamba chujio lilikuwa chafu. Akarudi wiki iliyofuata kumjulia hali. Akarudi tena. Wenzake kazini walimtania kwamba lile chujio linachafuka upesi mno.

Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981. Siku aliyokwenda kujitambulisha ukweni aliulizwa kazi yake, akaieleza plenamu mpaka chai ikapoa. Mjomba wa bibi harusi alimsikiliza kwa heshima zote, mwisho akauliza, "Kwa hiyo, bwana, unalipwa kuhakikisha mahali patupu panabaki patupu?" Marehemu akasema ndiyo, mzee, na si kazi ndogo. Watu walicheka sana. Yeye alicheka pia, lakini walioketi karibu wanakumbuka kwamba aliinamisha uso.

Kifua cha mkewe hakikupona sawasawa. Madaktari watatu kwa nyakati tofauti walisema hawawezi kujua kama ni vumbi la ofisini au ni maumbile yake tu. Marehemu hakuhitaji daktari wa nne, kwa sababu alikwishajihukumu. Nyumbani alifagia yeye, akakung'uta mashuka nje kila asubuhi, akapangusa juu ya kabati ambapo hakuna anayepatazama. Mkewe aliwaringia majirani kwamba yeye ameolewa, wenzake wamechukuliwa tu. Kazini, hakuna dari iliyofungwa kabla hajaingiza kichwa na tochi. Wakandarasi walimwona kero, na vijana wa dari walikuwa wakimwona tu wanashuka ngazi wenyewe. Alistaafu mwaka 2011 bila doa, kama walivyosema kwenye hotuba ya kumuaga. Aliporudi na zawadi yake ya saa ya ukutani, aliiweka uvunguni, na hakutaka itundikwe.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022, na Januari mwaka huu wa 2024 alilazwa. Jumapili tarehe 4 Februari alimwomba mkewe afunge mlango wa wodi, akamwambia yote: magunia, Ijumaa ile, chujio ambalo halikuwa na kosa. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alikuwemo chumbani. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe mimi nilikuwa kifungo chako. Sikuwa mke wako." Akachukua mkoba wake akaondoka.

Hakurudi Jumatatu, wala siku zilizofuata. Kila mlango ulipofunguliwa marehemu aligeuza shingo, na alipoona ni muuguzi aliomba samahani, kana kwamba amemkosea. Alhamisi jioni alimpa binti yake ujumbe, kwa taabu, akivuta pumzi katikati ya maneno: "Mwambie nilianza kwa aibu. Sikubaki kwa aibu." Binti aliufikisha jioni hiyohiyo. Mama aliwasha pasi, akanyoosha shati jeupe la mumewe, akarudia kola mara mbili, akalikunja.

Asubuhi ya Ijumaa tarehe 9 Februari, mama alikuwa ameshavaa viatu, shati liko mkobani, anatafuta ufunguo wa mlango, simu ya hospitali ilipoita. Marehemu alikuwa amefariki alfajiri hiyo, bila maumivu, kama walivyotuambia.

Shati hilo ndilo alilovishwa leo. Watoto walitaka habari hizi zibaki nyumbani, na waliandika wasifu mwingine, mfupi na mzuri, ambao ungewafaa zaidi wageni. Mama aliusoma, akaurudisha. Alisema mtu aliyebeba jambo miaka arobaini na minne asizikwe nalo, na kwamba na yeye mwenyewe ana la kwake, hataki kuanza kulibeba.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na mke. Tulikuwa tumeandika mjane. Mama amelifuta neno hilo mwenyewe kwa kalamu, akaandika mke wake. Ameagiza pia haya yasomwe mbele yenu nyote, kwa kuwa hakuwahi kuyasema pale yalipotakiwa: "Mume wangu, nilikusamehe Alhamisi. Nikasema nitakwambia kesho."

Mungu ampumzishe kwa amani baba yetu.