Sentensi ya Kwanza ya Barua

Katibu mpya wa hospitali alipanda basi asubuhi ile kwa sababu gari lake lilikuwa gereji. Kwenye kiti cha mbele yake walikaa wanawake wawili waliojuana papo hapo: dobi wa hospitali yake, na mwalimu wa insha, mmoja wa wale wanaosahihisha hata tangazo la ukutani.

"Wakubwa wa hospitali walitaka kufunga chumba chetu cha kufulia," dobi alisema. "Nikawaandikia barua, wakaghairi. Nilianza hivi: Ni kweli, mashine zetu ni kuukuu na zinakula umeme."

"Haa! Umempa adui panga, na shingo ukamwinamishia!" mwalimu alimaka. "Dai kwanza, dada, halafu ushahidi. Hoja ya mpinzani unaitaja mwishoni, tena kwa kuivunja."

"Ushahidi niliuweka, mwalimu. Shuka mia tatu kwa siku, na wodi ya wazazi haijakosa shuka kavu hata mara moja."

"Basi hizo namba ndizo zilizowaokoa. Namba hazina mjomba."

Nyuma yao, katibu aliitambua barua hiyo; ndiye aliyetaka kukifunga chumba. Barua nyingine kumi na tisa za kumpinga zilikuwa zimemwita mnyonyaji. Hiyo moja ilikiri kwamba naye alikuwa na hoja, ndiyo maana aliisoma hadi mwisho, ikamwepusha na kosa kubwa.

Basi likasimama langoni mwa hospitali. "Muulize katibu mwenyewe!" mwalimu alisema, hajakubali.

"Nitampata wapi? Hata kwa sura simjui."

Dobi aliposhuka, mwanamume mmoja alimpokea kapu lake.

"Asante, baba."

"Asante wewe," katibu alisema. "Asante sana."