Nusu ya Maneno ya Mzee Muhidini

Wasikilizaji wapendwa, mimi ni Mastura, mnanijua. Alhamisi ya leo tunamkumbuka Mzee Muhidini Kamala wa Kibeta, mfugaji wa sungura. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane. Nitawaeleza alivyoishi. Nitawaeleza na kosa langu, maana limo ndani yake.

Mzee Muhidini alipima kahawa Kashozi miaka ishirini na miwili. Mizani aliijua vizuri, na ndiyo maana hakuiamini kwa sungura. Alikuwa akisema mizani inakupa kilo, haikwambii kama ni nyama au mafuta. Yeye alipima kwa vidole, juu ya uti wa mgongo. Mifupa ikichoma, jike amekonda. Mifupa ikipotea, jike amenenepa kupita kiasi, na huyo hapelekwi kwa dume. Siku niliyomtembelea aliniambia nimshike jike mmoja wa kijivu. "Bonyeza, mwanangu, hang'ati. Unauona mgongo?" Sikuuona. "Basi huyo ndiye mgonjwa wangu," akasema, akacheka peke yake.

Mwezi wa tatu nilimleta hapa studio. Tulirekodi dakika tisa kuhusu kulisha majike wa kuzalisha. Nafasi ilikuwa dakika nne. Mzee alianza na majike waliokonda: waongezewe pumba kidogo, wiki mbili kabla ya kupandishwa. Halafu akaeleza habari za majike wanene. Hiyo nusu ya pili haikwenda hewani. Narudia, haikwenda hewani, na aliyeikata ni mimi.

Na sisi tunajuana, waitu, ndugu zangu. Huku kwetu nani anamwonyesha mgeni mnyama aliyekonda? Mnyama mnene ni sifa ya mji. Watu wakisikia "ongeza", wanaongeza.

Kule Kimwani, Muleba, kikundi cha kina mama kilisikia na kikaongeza. Walikuwa na majike kumi na wanne, tayari wanene kwa viazi na ugali uliobaki. Wakawajazia pumba. Watano walimkataa dume. Tisa walishika mimba, na sita kati yao wakafa wakati wa kuzaa, watoto wakiwa bado tumboni. Mwenyekiti wao, Mama Joanitha Kokushubila, alimpigia mzee simu. Alimwambia, "Mzee, tumefuata maneno yako, na sungura wetu wamekufa."

Angeweza kusema redio imemkata. Hakusema. Kesho yake alipanda basi mpaka Muleba, akachukua pikipiki mpaka Kimwani. Mama Joanitha ameniambia hivi: "Alipita mabanda yote. Kila jike aliyebaki alimshika mgongo, akatuelekeza upya. Mama mmoja alimwita muuaji mbele ya watu. Mzee aliinamisha kichwa tu, akaendelea na banda lililofuata."

Aliporudi alikuja kwangu. Hakulalamika. Aliomba dakika mbili asahihishe, kwa sababu redio ilikuwa imefika hata asikoweza kufika yeye. Nikamwambia wiki ijayo. Alikuja mara tatu. Mara ya kwanza kulikuwa na mpira, mara ya pili salamu zilizidi. Mara ya tatu hata sikumbuki nilimwambia nini, na hilo linaniuma kuliko yote.

Huko Kibeta watu walianza kumkwepa. Mjane wake, Bi Nuriat, anasema si hilo lililomnyima raha. "Aliogopa kuna mtu mahali bado anamjazia jike pumba kwa sababu yake. Kila Alhamisi alivuta kiti karibu na redio. Alisema, labda leo Mastura atasema."

Jumanne ile presha ilimpanda akiwa anakata majani ya sungura. Hakufika mchana. Msibani nilimfuata Bi Nuriat jikoni, nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Mimi nimekusamehe, mwanangu. Lakini ulikosea redioni. Mbona unaniomba huku jikoni?"

Nilirudi studio, nikaitafuta ile rekodi. Ipo yote. Baada ya maneno ya kuongeza pumba mzee anasema, "Sasa usinikate hapa, mwanangu, hii ni nusu." Na mimi nasikika nikicheka: "Sikukati, mzee wangu." Ndipo anaendelea: "Jike mnene msimwongezee kitu. Punguzeni pumba polepole, maana mkimnyima ghafla ataugua. Apate majani makavu na maji. Akiwa tayari ana mimba, msimkondeshe, niiteni kwanza nije nimwone. Asiye na mimba asipelekwe kwa dume mpaka vidole vyenu viuone mgongo wake."

Bi Nuriat, watoto na wajukuu, poleni sana. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kina mama wa Kimwani, aliyewaponza si Mzee Muhidini. Ni mimi, Mastura, na leo nawaomba radhi hapa hapa nilipokosea. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama kuna mtu anachafuka jina kwa jambo ulilofanya wewe, usimwambie wiki ijayo. Halafu nendeni bandani, mkashike migongo ya majike wenu.

Sasa nawawekea sauti yake, dakika zote tisa. Matangazo yatasubiri.