Pumzi Yangu na Udi wa Mavyaa

Assalamu alaykum, ndugu zangu! Asifiwe Mola aliyenipa kifua cha kusimama mbele yenu nikasema bila ya kukohoa! Semeni Alhamdulillahi. Semeni kwa nguvu, maana nyinyi mmezoea kuvuta pumzi bure, hamjui thamani yake.

Mimi Zuwena, mzaliwa wa Tumbe, nimeolewa hapa Tibirinzi. Pumu ninayo tangu utotoni. Mama yangu alifariki ningali mdogo, na nilipoolewa Mola akanipa mwengine: mavyaa wangu, Bi Raya, mama wa mume wangu. Ndugu zangu, nimependwa! Wapo wanaolia na mavyaa zao. Wangu mimi hata kufua alinikataza. Na kila alasiri aliingia chumbani kwangu na chetezo, makaa yamewaka vizuri, akafukiza udi kitanda, mito, kanga zangu, mpaka nywele. Akisema, "Bibi arusi wangu anuke jasho nami ni hai? Haiwi!"

Ikifika magharibi kifua kinabana na kupiga filimbi. Nikikohoa, yeye anadhani nimepatwa na jicho la hasidi, anaongeza ubani! Nacheka sasa, siku zile sikucheka. Nilikuwa nauawa kwa mapenzi, na mdomo wa kusema sina. Utamwambia nini mtu anayekutolea udi aliojinyima mwenyewe? Niliogopa kumpoteza mama mara ya pili.

Dawa ya kuvuta ya kila siku, ile ya kukinga, ilikuwamo kabatini. Nikijiona mzima naiacha. Nikategemea ile ya bluu tu, ya kufungua kifua kikishabana.

Ikaja Idd. Nyumba nzima udi, kuanzia ukumbini mpaka uani! Nikavuta ile ya bluu, nikavuta tena, haikufua dafu. Hata neno moja silimalizi. Mume wangu akanibeba mpaka kwenye gari ya jirani, na mavyaa nyuma yetu anakimbia bila ya viatu, analia, "Ya Rabbi, nitwae miye!"

Hospitali wakanivisha maski ya mvuke wa dawa. Nilipotulia, daktari akauliza nyumbani kuna moshi gani. Mavyaa alikuwa amenishika mkono. Akajibu yeye, tena kwa fahari: "Moshi? Huyu kuni hazigusi, jikoni simwachii! Kila siku miye namfukiza udi mzuri, kitanda chote. Hakosi kitu mwanangu huyu!"

Daktari akamtazama kwa upole. "Mama, huo ndio moshi wenyewe."

Ule mkono ulionishika ukalegea. Ndugu zangu, pale niliumia kuliko pumu! Njia nzima ya kurudi nyumbani mavyaa alinipa mgongo, uso kaukabili dirisha. Nikajua basi, mama amekwenda.

Asubuhi nikasikia vishindo chumbani. Mavyaa huyo, anaburuta godoro langu kulitoa juani! Mashuka ameyafua kwa maji ya moto, sakafu kaipiga deki badala ya kuifagia kavu vumbi likaruka. Chetezo kampelekea bintiye aliyeolewa Shumba. Kisha akanijia na dawa ya kukinga na kikombe cha maji. "Vuta. Zuia." Mimi nimezuia pumzi, yeye anasema Subhanallah, polepole, anarudia mpaka aridhike mwenyewe. "Haya, toa. Sukutua, uteme."

Ndivyo tunavyofanya mpaka leo, asubuhi na jioni, niwe naumwa nisiwe naumwa. Ramadhani tunavuta wakati wa daku na baada ya futari. Majirani wakija na marashi makali anawapokea barazani, ndani hawaingii. Wengine wamenuna. Yeye hana habari nao.

Sisemi pumu imenihama, msije mkadanganyika. Ile ya bluu haitoki mkobani, na kliniki nahudhuria. Lakini nalala mpaka alfajiri! Nimesoma maulidi mwanzo hadi mwisho, na sauti mmeisikia. Mola ana shukurani zangu zote.

Basi ndugu yangu mwenye pumu, mtegemee Mola, na dawa yako uvute hata siku unayojiona mzima. Na anayekupenda mwambie kinachokubana. Usimfiche kama nilivyomficha mimi. Mwenyewe yule pale karibu na mlango, anajifunika uso kwa mtandio. Juzi nilimuuliza: "Mama, siku ile uliniudhikia?"

Akasema, "Nilijiudhikia nafsi yangu. Nilidhani nimekuua."

Nikamwambia nasikitika kumkosesha udi wake, maana najua anavyoupenda. Akanivuta kichwa akakilaza kifuani kwake.

"Udi ntaukuta peponi, inshaallah," akasema. "Weye nakutaka papa hapa."