Mwalimu Andika-Bei, Aliyetufundisha Kuuza Mtandaoni

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Mama aliuza vyungu. Kaka alisoma shule ya msingi palepale jirani, akamaliza sekondari mwaka 1989.

Alikuwa karani wa ghala hadi lilipofungwa mwaka 2013. Mwaka uliofuata alianza kufundisha wafanyabiashara wadogo kuuza kwenye masoko ya mtandaoni, katika chumba kimoja juu ya duka la rangi: viti kumi na viwili, feni isiyozunguka. Somo lilelile alilirudia mpaka sauti ikamkauka. Walimwita Mwalimu Andika-Bei, maana hakuweza kuvumilia tangazo la "bei njoo inboksi", linalomtaka mteja aulize bei kwa ujumbe wa faragha. "Mama, kwa nini mteja akuulize bei na wewe ndiye unayeuza?" Kesho yake wanaandika vilevile.

Mimi dada yake, mfuma vikapu, nilikuwa mwanafunzi mzito kuliko wote. Siku niliyofungua duka langu mtandaoni niliona kitufe chenye neno "kikapu" chini ya picha ya kikapu changu. Nikabonyeza, nikaendelea kubonyeza. Jioni nikampigia, "Kaka, nimepata mteja! Kachukua vitatu!"

Akaniambia, "Dada, hebu angalia jina la mnunuzi."

Lilikuwa langu. Kumbe kitufe kile cha "kikapu" kilikuwa cha kununulia.

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1998 na fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili. Wifi anasema alikuwa akisinzia mezani, kijiko mkono huu, simu ya wanafunzi mkono ule.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023. Zile ngazi za hospitali zilituchosha sote, yeye zaidi. Nami nilikuwa sijauza hata kikapu kimoja. "Sitaki kuondoka kabla hujauza," alisema. Nilimkemea aache maneno hayo.

Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2024 oda iliingia. Nilimsogezea simu kitandani, akasoma jina taratibu. "Huyu simjui," akasema, akacheka. "Haya, sasa niacheni nilale."

Alifariki tarehe 11, saa nne asubuhi.

Ameacha mama, mjane, mabinti wawili, ndugu wanne na wanafunzi ambao hakuwahi kuwahesabu. Jana, tukipanga viti hivi vya msiba, oda ya pili iliingia. Niliangalia kwanza jina la mnunuzi. Si langu, kaka. Somo limeeleweka. Pumzika sasa, kwa amani.