Maji Bado Yamo Kwenye Mabomba

Kijiwe chetu ni benchi la kanisa. Walutheri wa kule mlimani walipofunga kanisa lao, Injini alipakia benchi moja kwenye gari la kuzolea theluji, akalitua mbele ya stoo ya zana ya uwanja wetu wa gofu, na tangu hapo tunasali sisi watatu kila asubuhi, kahawa mkononi na maneno mdomoni. Injini ni Roger Maki, fundi mstaafu wa magari ya kaunti, na hakuna kitu kilichowahi kuharibika duniani ambacho yeye hajui sababu yake. Mchanga ni Ken Trevarrow. Jina kalipata kihalali, maana mpira wake hata ukipigwa kuelekea Kanada utaangukia kwenye shimo la mchanga. Mimi wananiita Posta. Nimegawa barua mji huu miaka thelathini na moja, na wanadai siwezi kukaa na neno bila kulifikisha. Siku ninayosimulia ilikuwa tarehe kumi Novemba. Majani yalikuwa meupe kwa jalidi, redio ya mjini ilikuwa imeshatangaza kwamba usiku huo ardhi ingeganda, na kahawa ilikuwa mbaya sana, kwa sababu tangu Oktoba anaipika Mchanga.

— Bado hajapiga upepo, Mchanga akasema.

— Tunaona, Injini akamjibu. Na ukiona hata wewe, ambaye mpira wako huuoni, basi kila mtu kaona.

Tuliyekuwa tunamtazama ni Dale Kangas, msimamizi wa uwanja. Alikuwa hatua arobaini kutoka benchi, kwenye mlango wa kibanda cha pampu, kasimama kando ya ile mashine kubwa ya upepo ya kukodi, mikono mifukoni. Mashine ilikuwa imezimwa. Ilikuwa imezimwa pale tangu Ijumaa. Kila mwaka, kabla ardhi haijaganda, maji yaliyomo kwenye mabomba ya kumwagilia lazima yasukumwe nje kwa upepo. Yakibaki yanaganda, yanavimba, yanapasua bomba. Na mabomba yetu yana miaka arobaini, yamezikwa chini ya mashimo tisa, na hakuna mwanachama mwenye nguvu wala uwezo wa kuyafukua. Yakipasuka, uwanja umekwisha, na sisi tumekwisha nao.

— Ni leo au basi, nikasema. Usiku wa leo hauna mchezo.

— Ana mpango, Mchanga akasema. Mtu hafanyi kazi yote ile bila mpango. Hebu hesabuni wenyewe.

Tukahesabu. Tangu katikati ya Oktoba Dale hakuwa amepumzika hata Jumapili moja. Alitoboa matundu viwanja vyote vya kuanzia mchezo ili ardhi ipumue. Alimwaga mchanga juu ya grini zote tisa, yale majani mafupi yanayozunguka kila kishimo cha mpira, akanyunyiza dawa ya ukungu wa theluji. Alikata mipopla iliyokuwa inaziba jua la shimo la sita, miti ambayo tumeilalamikia tangu enzi za Reagan. Alichimba mtaro wa kutolea maji shimo la nne. Alijenga ngazi mpya za mbao shimo la tano. Wiki iliyopita tulimkuta amelala chali kwenye matope, anapaka rangi upande wa chini wa daraja. Uwanja haujawahi kupendeza namna ile, na msimu wenyewe ulikuwa umeshafungwa.

— Kauza, Mchanga akasema.

— Kauza nini? Uwanja ni wa wanachama.

— Ndivyo wanavyoanza, Posta. Wanakuja watu wa Chicago na viatu safi, wanataka nyumba za wikiendi. Wewe ukitaka kuuza gari huoshi kwanza?

— Mtu anayeuza hapaki rangi chini ya daraja, Injini akasema.

— Labda mnunuzi ni mfupi.

Injini akakohoa ili asicheke.

— Acha kutupiga kamba, Mchanga. Mimi nawaambia, kamwaga dawa ya rejeta kwenye mabomba. Ile ya kuzuia kuganda. Nimemwona na madumu kwa macho yangu.

— Madumu mangapi?

— Mawili.

— Mawili kwa mashimo tisa? Roger, hiyo haitoshi hata kunywesha bata.

— Inategemea ukali wake. Kuna dawa kali siku hizi, wanaitumia kwenye ndege.

— Na majani yanywe sumu? Si ni afadhali baridi?

— Mimi sikusema ni wazo zuri. Nimesema ndilo wazo lake.

Nikaona zamu yangu imefika. Mimi nina tabia mbaya, nikikaa na watu wanaobuni siwezi kunyamaza.

— Anasubiri tarehe kumi na tano, nikasema. Msimu wa kuwinda kulungu ukifunguliwa, wanaume wote tutakuwa porini kwenye vibanda vyetu. Hapo ndipo atapiga upepo. Hataki tumtazame.

— Kwani macho yetu yana nini? Injini akauliza.

— Hayana kitu.

— Basi kwa nini asitake?

Nilikuwa nimetaka kutania, nikajikuta nimekanyaga mahali pabaya. Injini akageuza kikombe chake mara mbili, na Mchanga akaanza kuchimbua kitu kwenye soli ya kiatu ambacho hakikuwepo.

Acha niseme tulichokuwa tunakizunguka. Kupiga upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye mashine na vali, mwingine anazunguka na kigari, kinyunyizio kimoja baada ya kingine, na redio ya mkononi. Anakifungua. Kwanza yanaruka maji, halafu kinakohoa, halafu unatoka mvuke mweupe, halafu unatoka upepo mtupu. Hapo aliyeko kule anabonyeza redio na kusema neno moja: kavu. Wa mashine anafunga, wanahamia kinachofuata. Ukifunga mapema, maji yanabaki. Ukichelewa, upepo ule wa moto unayeyusha viungo vya plastiki. Huwezi kuwa pande zote mbili. Kwa miaka ishirini na sita aliyekuwa kwenye mashine ni Dale, na aliyekuwa kwenye kigari ni mke wake, shemeji yetu Marlene. Tukiwa hapa kwenye benchi tulikuwa tunaisikia sauti yake siku nzima kutoka kwenye redio ya Dale mlangoni pa kibanda. Kavu. Kavu. Na katikati ya kavu na kavu, stori.

Shemeji alifariki Oktoba, Jumanne, jikoni kwake, moyo. Gari la wagonjwa lilikuwa halijakata kona ya barabara kuu. Tulimzika. Wanawake walipeleka vyungu vya tambi na mikate ya iliki, sisi tukasimama na kofia mikononi tukasema pole, Dale. Kesho yake tukarudi kwenye benchi. Na tangu siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyezikanyaga zile hatua arobaini. Tulikuwa tunampungia mkono. Yeye alikuwa anapunga. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mchanga ndiye aliyetuokoa asubuhi ile pale benchini, kama kuokoa kwenyewe ni kule.

— Ule mtaro wa shimo la nne, akasema. Mliupima kina?

— Ya nini tuupime?

— Mimi nilishuka. Unanifika kifuani. Mtaro wa maji unafika kifuani? Dale hachimbi mtaro. Dale anatafuta mgodi.

— Mgodi gani tena, we jamaa?

— Wa shaba. Babu yangu alifanya kazi huko chini. Mashimo ya zamani yanapita chini ya uwanja wote huu, na ninyi mnajua jinsi yanavyotoa joto msimu wa baridi. Si mmeona theluji inavyoyeyuka pale mdomoni pa mgodi? Anataka kulitoboa shimo moja, apitishe joto lake kwenye mabomba. Hatapiga upepo mwaka huu wala mwaka wowote.

— Halafu joto lipande lenyewe mpaka kwenye grini?

— Joto hupanda, Roger. Wewe ni fundi, hukufundishwa?

— Kwa hiyo tutacheza gofu Januari.

— Na kaptula, Mchanga akasema.

Ilikuwa nadharia nzuri sana na tuliishika kwa mikono miwili. Injini akaanza kukadiria upana wa bomba litakalohitajika. Mimi nikauliza kama popo wa mgodini hawatatoka na mipira. Tulikuwa tumefika kwenye popo pale aliposimama mbele yetu mwanamke mwenye koti la bluu na mfuko wa fimbo begani. Tulimtambua. Ni Denise, muuguzi mpya wa zahanati, aliyehamia mwezi Agosti kutoka kusini mwa jimbo.

— Habari za asubuhi, wazee. Nimekuja kuuliza kama naweza kucheza raundi moja ya mwisho.

— Pamefungwa, dada, Mchanga akamwambia. Rudi Januari na kaptula.

Hakucheka, kwa kuwa hakujua kulikuwa na cha kuchekesha. Akaangalia tulikokuwa tunaangalia sisi. Dale alikuwa bado amesimama vilevile. Redio moja ilikuwa imening'inia kifuani pake. Ya pili ilikuwa kwenye msumari kando ya mlango, taa yake ya kijani inawaka. Aliiwasha kila asubuhi, hilo sote tulikuwa tunaliona, na hakuna aliyewahi kulitaja.

— Yule bwana yuko salama? Denise akauliza.

— Anafikiria tu, Injini akasema. Kuna mabomba.

— Tangu nimeegesha gari hajasogea, akasema, akatazama tena. Na ile redio nyingine pale ukutani, hiyo ni ya nani?

Swali la mtu mgeni, halina ubaya wowote. Jibu lake ni jina moja, na sote watatu tulikuwa tumelitamka jina hilo maisha yetu yote. Nikamtazama Injini. Injini akamtazama Mchanga. Mchanga, ambaye dakika moja nyuma alikuwa anapasha joto kaunti nzima, alikuwa anauma mdomo wa chini na macho yamemjaa maji. Denise akasubiri. Aliona ameuliza vibaya, akaanza kuomba radhi, na hilo likazidi kutuumiza.

Nikanyanyuka. Wasije wakasema nilikuwa jasiri. Nilinyanyuka kwa sababu kukaa kulikuwa kumenishinda. Hatua arobaini si kitu kwa mtu aliyetembea na barua miaka thelathini na moja, ila zile zilinichosha. Nilifika, nikaichukua redio msumarini. Dale akaitazama mkononi mwangu, halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nimejiandaa kusema pole tena, sikuweza.

— Naanzia wapi? nikamuuliza.

Akatoa mikono mifukoni. Akasema:

— Namba moja, nyuma ya grini. Ufunguo uko kwenye kigari.

Nikaenda. Nikasikia mashine ikiwaka nyuma yangu. Nikapiga goti, nikakifungua cha kwanza. Maji yakaruka juu ya kichwa changu, kikakohoa, mvuke mweupe ukatoka, ukapungua. Nikabonyeza.

— Kavu.

Upepo haukukatika. Sauti ya Dale ikaja sikioni mwangu, haina ukali.

— Bado, Posta.

— Kimeshakauka, nakiona.

— Kuona hakutoshi. Marlene alikuwa anaweka kiganja. Weka kiganja.

Nikavua glavu, nikaweka. Kweli, ndani ya ule upepo kulikuwa bado na manyunyu membamba, ambayo jicho haliwezi kuyaona. Kama angeniamini, bomba lile lingepasuka. Nikasubiri mpaka mkono ukakauka.

— Sasa kavu, Dale.

— Sawa. Cha pili.

Tukaenda hivyo. Cha pili, cha tatu, cha tano. Kule mbali niliona Injini na Mchanga wameacha benchi, wanamsogezea Dale mafuta ya mashine, Denise amewashikia mlango. Nilipofika shimo la tatu redio ikakwaruza.

— Posta.

— Naam.

— Mbona umenyamaza hivyo?

— Nasubiri kikauke.

— Ongea, bwana. Ongea chochote. Mwenzangu alikuwa haachi kuongea.

Mwezi mzima nilikuwa na maneno ya kumwaga. Nilikuwa na kulungu, nilikuwa na popo. Nikashika kitufe nikiwa nimepiga goti kwenye jalidi, nikatafuta la kumwambia mtu aliyefiwa, na kichwani hamkuwa na kitu. Nikaangalia huku na huku. Uwanja ulikuwa mtupu mpaka kwenye miti.

— Kuna mbweha kwenye ngazi zako mpya, nikamdanganya. Shimo la tano.

Nikadhani amenigundua.

— Anafanya nini?

— Amekaa tu, nikasema. Anaziangalia.

— Mwambie aangalie ya tatu kutoka juu, haijakaa sawa.

— Nitamwambia, Dale.

— Usiache kuongea, akasema. Nakusikia.